Mwaka Tulioacha Kula Samaki

Mwaka 1994, kuanzia mwezi wa tano, nyumbani kwetu Bukoba hatukula samaki. Ziwa halikuwa limekauka. Wavuvi walikuwapo, sato walikuwapo, na sangara wakubwa waliendelea kulala juu ya meza za sokoni wakingoja mnunuzi. Mama alikuwa akipita mbele yao kama mtu aliyegombana nao, ananunua maharage, anarudi. Jioni ndizi na maharage. Kesho yake ndizi na maharage. Siku ya nne, nikiwa na umri wa miaka tisa na mdomo usiotulia, nikauliza samaki wamekwenda wapi. Bibi alikuwa akimenya ndizi. Kisu kikasimama katikati ya ganda. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Maji yamechafuka, mjukuu wangu. Menya hizo."

Nilikwenda ufukweni kuyatazama. Yalikuwa ya buluu kama jana.

Wanangu, mmezoea kwamba nikisema "Hadithi, hadithi!" ninyi mnaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Leo msiitikie. Utamu hadithi hii haina, na uongo ndio uliowaua watu wake. Nitakachofanya ni kuwapeleka nilikokwenda mimi baada ya kukua, kwa kusoma vitabu, kumbukumbu za mahakama na maneno ya walionusurika: nitaupanda mto. Mtu anayesoma historia ya mauaji ya kimbari hufanya kazi ya aliyekuta maji machafu. Hakai ufukweni akisikitika. Anashika njia ya kwenda juu, kutafuta palipochafukia.

Mto wenyewe ni Kagera, ambao Wanyarwanda huuita Akagera. Unaingia Ziwa Viktoria upande wa Uganda, si mbali na mpaka wetu, karibu na kijiji cha wavuvi kiitwacho Kasensero. Mei 1994 mto huo uliwaletea wavuvi wa Kasensero maiti za watu. Watu wazima, vikongwe, watoto. Siku baada ya siku, kwa mamia, halafu kwa maelfu. Mawimbi yakawasukuma kaskazini hadi Lambu na Ggolo. Habari ikalizunguka ziwa, Uganda, Kenya na kwetu, na watu wakawaacha samaki. Bibi hakunidanganya. Alichagua tu maneno yanayoweza kubebwa na mtoto.

Ukiupanda Kagera unafika Rusumo, kwenye maporomoko, mpakani mwa Rwanda na wilaya ya Ngara. Pana daraja pale. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walilivuka kuingia Tanzania, magodoro kichwani, sufuria mkononi, watoto mgongoni. Benaco, mahali palipokuwa pori, pakawa mji kwa siku chache. Na wakati daraja linatetemeka kwa miguu ya watu, chini yake, kwenye maji yale yale, maiti zilikuwa zikipita.

Tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo asiyesoma hukosea. Anaiona picha ile na kusema: juu ni walionusurika, chini ni waliouawa. Haikuwa rahisi hivyo. Waliokuwa wakipita majini wengi wao ni Watutsi, waliouawa kwa sababu ni Watutsi. Waliokuwa wakivuka daraja wengi wao ni Wahutu, wakilikimbia jeshi la waasi la RPF lililokuwa likisonga mbele. Kati yao walikuwamo wakulima wengi wasio na damu ya mtu mikononi, na walikuwamo pia waliotoka kuua, hata viongozi waliosimamia mauaji vijijini mwao. Wote walipanga foleni moja ya chakula. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana: picha ukiikuta, iulize maswali kabla hujaililia.

Tuendelee kupanda. Akagera unapokea maji ya Nyabarongo, mto unaojipinda kati ya vilima vya Rwanda na kupita karibu na Kigali. Tarehe 22 Novemba 1992, mwaka mmoja na nusu kabla ya mama kuwapa kisogo samaki, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano wa chama tawala huko Kabaya. Aliwaambia wasikilizaji kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Chukueni ramani. Nyabarongo hauna boti ya kwenda Ethiopia. Kila aliyekuwapo mkutanoni alielewa ni abiria wa aina gani husafirishwa na mto usio na boti. Maneno yalitoka kinywani Novemba 1992, na Mei 1994 yakawa yametufikia sahanini. Mugesera alikimbilia Canada, akaishi huko karibu miaka ishirini, akarudishwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Juu ya maneno hayo kuna nini? Kuna karatasi.

Wabelgiji waliichukua Rwanda baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Miaka ya 1930 waliamua kila mtu mzima awe na kitambulisho, na ndani yake iandikwe kama yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Majina hayo hawakuyaleta wao. Yalikuwapo, wala hayakuwa majina ya usawa: Mtutsi mara nyingi alikuwa mwenye ng'ombe na mwenye jamaa karibu na mfalme, Mhutu mwenye jembe. Ila mtu aliweza kupata ng'ombe akapanda, au akafilisika akashuka. Karatasi haipandi wala haishuki. Baba akiandikwa, mtoto ameandikwa, na mjukuu ambaye hajazaliwa naye ameandikwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilinikosesha usingizi nilipolisoma. Mstari ule kwenye kitambulisho ulikuwa na kichwa chake kwa Kinyarwanda: ubwoko. Neno hilo ndilo Wanyarwanda walilotumia kutaja ukoo mkubwa, yaani mbari: Abanyiginya, Abasinga, Abazigaba, Abagesera na wengineo. Na ndani ya mbari hizo Wahutu, Watutsi na Watwa walikuwamo pamoja. Neno lililokuwa likiwaita watu wale jamaa moja likachukuliwa, likapachikwa juu ya mstari wa kuwatenga. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kijana mwenye panga aliomba kwanza kitambulisho. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari ule.

Juzi nilikuwa nikisimulia haya kwa wanafunzi wa kidato cha pili hapa Arusha, ninakoishi sasa. Binti mmoja aliyekaa dirishani akanyoosha mkono. "Mwalimu, wafe wangapi ndipo iitwe kimbari?"

Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Sisi tuna majina mawili. Wapo wanaosema mauaji ya halaiki. Halaiki mnaijua: watoto wa shule waliovaa rangi moja, wamepangwa uwanjani sikukuu ya Muungano au ya Uhuru, wanageuka wote pamoja na jukwaa linapiga makofi. Halaiki ni umati. Kwa hiyo jina hilo linahesabu. Jina la pili, mauaji ya kimbari, halihesabu. Linauliza: kwa nini hawa? Mbari ni ukoo, na anayeuawa kwa mbari yake hafi kwa alilolitenda. Anakufa kwa tumbo alilotoka. Mtoto mchanga hajaiba, hajapigana, hajaipigia kura serikali yoyote. Ukiona wanamtafuta mpaka mtoto mchanga, jua wanataka kuling'oa shina zima.

Jina hilo kwa lugha ya kimataifa, *genocide*, lina aliyelitunga, na huyu nampenda, nitakaa naye kidogo.

Aliitwa Raphael Lemkin. Alizaliwa mwaka 1900 katika familia ya Kiyahudi ya wakulima, katika eneo ambalo leo ni Belarusi na wakati ule lilitawaliwa na Urusi. Alipokuwa mdogo alisoma riwaya kuhusu Nero, mfalme wa Roma aliyewatupia simba Wakristo. Simba hawakumshangaza. Kilichomsumbua ni watu waliokaa kwenye viti wakishangilia.

Akakua, akaenda chuo kikuu katika mji wa Lwów. Mwaka 1921 magazeti yaliandika kuhusu kesi iliyokuwa Berlin. Kijana Mwarmenia, Soghomon Tehlirian, alimpiga risasi mtaani Talaat Pasha, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa dola ya Uturuki wakati Waarmenia walipoangamizwa kuanzia mwaka 1915, kwa kuuawa na kwa kuswagwa jangwani bila chakula wala maji. Lemkin akamuuliza profesa wake wa sheria: kwa nini Waarmenia hawakumshtaki Talaat mahakamani? Profesa akajibu kwamba hapakuwa na sheria ya kumshtakia. Akampa mfano. Mkulima ana kuku wake. Akiamua kuwachinja wote ni shauri lake, na wewe jirani ukiingia kumzuia umevamia shamba la watu. Nchi na watu wake ni hivyo hivyo.

Lemkin akamwambia kwamba Waarmenia si kuku.

Nimewasimulia wengi mfano huu na nimeona namna wanavyocheka mwanzoni, kisha kicheko kinakatika. Maana yule profesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akisema sheria ya dunia jinsi ilivyokuwa siku ile. Muuaji wa mmoja anapelekwa kwa hakimu, na muuaji wa milioni anaalikwa mikutanoni kwa sababu aliowaua walikuwa wake. Lemkin alitumia maisha yake yote yaliyobaki kumjibu mwalimu wake swali moja: kuku wa nani?

Mwaka 1939 Wajerumani walipoivamia Poland alikimbia. Aliwasihi wazazi wake waondoke naye, wakabaki. Alifika Uswidi, na huko akaanza kukusanya vitu ambavyo mkimbizi mwingine asingebeba: amri, matangazo na sheria ndogo ndogo zilizochapishwa na Wajerumani katika nchi walizoziteka. Nani ajiandikishe. Nani avae alama mkononi. Nani asimiliki duka. Kulikuwa hata na majedwali ya mgao wa chakula: Mjerumani kiasi gani, Mpolandi kiasi gani, Myahudi kiasi gani. Karatasi moja moja hazikuwa na cha kutisha. Zilikuwa kazi za makarani. Alipozipanga pamoja zikaonyesha zinakoelekea. Mwaka 1941 alifika Marekani nazo, na mwaka 1944 kitabu chake kikatoka, na ndani yake neno jipya: *genos* la Kigiriki, yaani mbari, likiunganishwa na neno la Kilatini la kuua. Vita ilipokwisha akajua kwamba jamaa zake 49 wameuawa, wazazi wake wote wawili wakiwamo. Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler walikuwa milioni sita.

Tarehe 9 Desemba 1948, jijini Paris, Umoja wa Mataifa uliupitisha mkataba aliouhangaikia kwa kugonga milango ya wajumbe mmoja mmoja, akiwakera wengi wao. Inasimuliwa kwamba waandishi wa habari waliomtafuta usiku ule walimkuta peke yake ukumbini, analia. Alikufa New York mwaka 1959, hana mali, na waliomzika walikuwa wachache.

Mkataba wenyewe ni mfupi, mnaweza kuusoma kwa nusu saa. Kiini chake ni nia: nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, la kikabila, la kimbari au la kidini, lote au sehemu yake. Kuua ni njia mojawapo tu kati ya tano zilizotajwa. Kuwazuia watu wa kundi wasizae imo. Kuwanyang'anya watoto na kuwapa kundi lingine imo. Kuwawekea maisha ya kuwamaliza polepole imo. Na kuna walioachwa nje: makundi ya kisiasa hayamo. Huko Kambodia, chini ya utawala wa Khmer Rouge, kati ya mwaka 1975 na 1979, walikufa watu kama milioni 1.7, wengi wao Wakhmer walioitwa maadui wa mapinduzi. Mahakama ilipotoa hukumu mwaka 2018, kosa la mauaji ya kimbari lilihusu Wavietnamu na Waislamu wa jamii ya Cham. Waliobaki waliangukia makosa mengine, yenye uzito wake. Yule binti wa dirishani hilo hakulipenda. Hata mimi silipendi, lakini ndivyo lilivyoandikwa.

Neno ni la 1944, tendo ni la kale zaidi. Oktoba 1904, katika nchi inayoitwa leo Namibia, jenerali Mjerumani Lothar von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka apigwe risasi, awe na silaha au asiwe nayo. Wakasukumwa jangwani Omaheke na visima vikalindwa. Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kuyaita yale mauaji ya kimbari, ya Waherero na Wanama. Mwaka uliofuata amri ile, 1905, huku kwetu vita vya Majimaji vilianza, na Wajerumani wakachoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Je, nayo ni kimbari? Wanahistoria wanabishana, kwa sababu ya neno lile nia. Msiogope ubishi huo. Watu wa Ungoni hawapungukiwi heshima kwa kuwa msomi fulani anapima neno. Na Burundi, mwaka 1972, waliowindwa walikuwa Wahutu, hasa waliosoma. Wanafunzi walitolewa madarasani. Nawaambia hili ili asiwepo kati yenu atakayetoka hapa akidhani lipo kabila lililozaliwa kuua na lingine lililozaliwa kuuawa.

Turudi Arusha. Mkutano uliojaribu kuizuia damu ya Rwanda ulifanyika hapa: mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa RPF ulitiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Rais Habyarimana wa Rwanda alipokuwa akitoka Dar es Salaam kwa mazungumzo ya kuutekeleza, jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege yake ilitunguliwa ikikaribia Kigali, na Rais Ntaryamira wa Burundi akafa pamoja naye. Mauaji yalianza usiku ule, na orodha za majina zilikuwa tayari. Wiki mbili baadaye Umoja wa Mataifa uliamua askari wake wa kulinda amani wapunguzwe, wabaki 270 tu. Jirani aliogopa kuvamia shamba la watu. Kwa siku mia moja hivi waliuawa watu kati ya 800,000 na zaidi ya milioni moja. Msishangae hesabu kupishana: kuna nyumba ambazo hakubaki hata mmoja wa kusema walikuwa wangapi.

Kisha Arusha ikawa mahali pa kesi. Mahakama ya kimataifa iliundwa Novemba 1994 na ikafanya kazi hapa, katika jengo la mikutano la AICC, hadi mwisho wa 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 majaji watatu, Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa alilolipa jina Lemkin. Ilikuwa pia mara ya kwanza ubakaji kutamkwa kuwa njia ya kutenda kosa hilo, na hilo lilitokea kwa sababu wanawake wa Taba walikubali kuja kusema, nyuma ya pazia, wakiitwa kwa herufi badala ya majina. Kabla ya umeya Akayesu alikuwa mwalimu. Mwanzoni alipinga mauaji katika eneo lake. Majaji walikuta kwamba alibadilika baada ya mkutano wa tarehe 18 Aprili. Siku ile moja nimeisoma mara nyingi kuliko ukurasa mwingine wowote.

Majaji walikuwa na fumbo: hawa Watutsi ni kundi gani, ikiwa wanasema lugha moja na Wahutu, wanasali pamoja, wanakaa kilima kimoja? Wakatazama vitambulisho. Wakagundua pia kwamba kila shahidi akiulizwa kabila lake alijibu papo hapo. Mstari wa karani ulikuwa umehamia ndani ya watu.

Kulikuwa na fumbo la maneno pia. Mtaalamu wa isimu aliitwa kueleza maneno ya Kinyarwanda yalivyotumika. *Inyenzi* ni mende. *Ibyitso* ni washirika wa adui. Lakini neno linaloniumiza mimi ni jingine, ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa: *akazi*. Kazi. Waliamka asubuhi, wakachukua panga, wakasema wanakwenda kazini.

Na redio. RTLM ilianza kurusha mwaka 1993, na vijana waliipenda, maana ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wenye utani. Katikati ya wimbo na utani zikaingizwa chuki, na mauaji yalipoanza yakaingia na majina ya watu na mahali walipojificha. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, aliyehukumiwa hapa Arusha, alikuwa profesa wa historia. Ndiyo, historia, somo hili hili ninalowabembeleza mlipende. Alijua vizuri sana yaliyopita, na akachagua ya kuchomea nyumba.

Nikimtaja huyo profesa lazima nimtaje na bibi mmoja asiyekuwa na digrii. Zura Karuhimbi, mganga wa mitishamba, aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili katika wilaya ya Ruhango. Alificha watu zaidi ya mia, chini ya kitanda, darini, kwenye shimo shambani. Wauaji walipokuja alikuwa amejipaka majani yanayowasha. Akawagusa, wakawashwa, akatikisa bangili zake na kuwaambia kwamba mizimu iliyomo ndani ya nyumba itawala wao na vizazi vyao. Watu waliokuwa na silaha walimwogopa kikongwe mwenye bangili, wakaondoka, wakarudi, wakaondoka tena. Alikufa mwaka 2018. Binti wa dirishani aliuliza kama Zura aliamini uchawi wake mwenyewe. Zura alisema hakuwa na uchawi wowote. Alikuwa na uongo mzuri. Mnaona, nao uongo ulikuja, japo tuliufungia mlango.

Leo kumbukumbu za kesi zile, karatasi, kanda za sauti na picha, zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji wetu. Ukipita kwa daladala unaona majengo tu. Ndani ziko sauti za wanawake wa nyuma ya pazia.

Mwaka juzi nilikwenda Kasensero. Mto Kagera unafika pale umechoka, wa kahawia, na unaingia ziwani bila kelele. Wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu, na mzee mmoja akaniuliza ninatafuta nani. Nikamwambia ninatoka Bukoba, na kwamba mwaka ule kwetu tuliacha kula samaki. Akaniambia wao hawakuwa na nafasi ya kuwaza samaki. Walikuwa wakiopoa. Waliwatoa majini watu wasiowajua majina wala lugha, hawakuwaomba vitambulisho, wakawazika. Leo pana makaburi ya pamoja na mnara, Kasensero, Lambu na Ggolo, na kila mwaka Wanyarwanda huja pale kuomboleza.

Nikamuuliza mzee: siku zile, mlijuaje ni wa nani?

Akanitazama kama bibi alivyonitazama na kisu chake mkononi. "Walifika kwetu," akasema, akaendelea kushona wavu.